Msiba wa Kovu

SEHEMU YA KUMI NA MOJA

Mkono ulikuwa uvunguni, na uvungu ulikuwa mtupu.

Hapo ndipo tulipomwacha Huruma wiki iliyopita. Ninyi mkaenda zenu kupika, yeye akabaki amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, uso umelowa, maji yanamdondoka kidevuni.

Kwa aliyeingia leo, tumkaribishe upesi. Huyu ni Mwalimu Huruma, miaka thelathini na moja, anafundisha sekondari hapa Newala. Kwenye shavu lake la kushoto, kuanzia chini ya jicho hadi karibu na mdomo, kuna kovu lililovimba, gumu, linalong'aa. Wanafunzi wakidhani hasikii humwita Mwalimu Ganda, kwa sababu mji mzima unajua kovu lilitoka wapi: akiwa na miaka mitano alichezea maganda ya korosho motoni, akajipaka mafuta yake usoni. Na mafuta ya ganda la korosho, anayeishi huku anayajua. Hayaombi radhi.

Kesho alfajiri anatakiwa apande basi Masasi kwenda Dar es Salaam. Ijumaa anapanda ndege kwenda Chennai, India, kwa daktari wa kuliondoa kovu hilo. Misimu mitatu ya mikorosho yake imeingia kwenye safari hii.

Asubuhi hiyo alikuwa katika utaratibu wake wa kila siku. Nusu kikombe cha maji usoni, maana Newala maji hayachezewi. Yakitoka usoni yanakingwa na beseni, yanakwenda kwenye mche wa mpapai. Kisha poda. Kisha mtandio, upande wa kushoto ukishushwa mpaka usawa wa mdomo. Lakini leo poda ilikuwa imeshafungwa begini, akainama kulivuta begi.

Hakuna begi.

"Uwiiii!" sauti ya mwanamume ikapasuka uani. "Uwiii jamani, limetutoka!"

Huruma alitoka mbio.

Katikati ya uwanja palitandikwa mkeka. Juu ya mkeka, begi lake la bluu limelazwa chali na kufunikwa kanga kama maiti. Pembeni yake amekaa Khalidi, dereva wa bodaboda, Myao, mtani wa ukoo wao tangu enzi za mababu. Amejifunga kanga kifuani, amejipaka mkaa shavu la kushoto, analia kwa sauti ya kike. Jirani yao Priska ameegemea mlimao, kicheko kimemkata mbavu.

Mtani, ndugu msomaji, hakasirikiwi. Msibani kwako atajilaza kaburini asitoke mpaka apewe jogoo, na wewe utacheka huku machozi yanakutoka. Ndiyo heshima yenyewe.

Khalidi alisimama, akakohoa, akafungua karatasi isiyoandikwa kitu.

"Wasifu wa marehemu. Marehemu Kovu alizaliwa hapahapa Newala miaka ishirini na sita iliyopita, mkazi wa shavu la kushoto. Hakuwahi kuugua. Hakuwahi kuolewa, na hata mwenye nyumba wake hakumruhusu aolewe. Ameacha jirani yake Pua, na yatima wawili mapacha, Macho."

Priska aliteleza kwenye mlimao akakaa chini.

Huruma alicheka. Hakutaka, kicheko kilimponyoka. Lile neno la kuolewa likamchoma baada ya kicheko kupita, kama pilipili.

"Khalidi, lete begi langu."

"Mtani, hili si begi. Ni jeneza."

"Nyie Wayao kwa kupenda pilau ya msiba mtamzika hata aliye hai."

"Na nyie Wamakonde je? Bibi zenu walichanjwa nembo uso mzima, wakavumilia kisu ili wapendeze. Wewe umepata ya kwako bila fundi, unapanda ndege kwenda kuifuta!"

"Sema unataka nini."

Khalidi alimtazama Priska, akatazama mbingu, akataja kitu ambacho Newala huwezi kukitaja bila watu kunyamaza.

"Dumu la maji."

Priska aliacha kucheka. Bomba lilikuwa halijatoa tone tangu Jumapili, na madumu nyumbani kwa Huruma yalikuwa mawili. Moja tupu.

Huruma aliingia ndani, akatoka na lile lenye maji, mkono umelemewa, akalitua mbele ya mkeka. Halikumwagika hata tone.

"Haya. Nimeomboleza, nimekomboa. Inuka."

Kwa desturi mambo yangeishia hapo. Mtani angelibeba dumu kwa nderemo, begi lingerudi, na safari ingekuwa imepata baraka. Lakini Khalidi hakuligusa dumu. Alikalia begi.

"Siyo leo, mtani."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho saa ngapi?"

Khalidi alijikuna shingo. "Kesho... basi likishaondoka."

Utani ukafa pale pale, bila wasifu.

"Nani amekutuma?" Huruma aliuliza polepole.

"Mtani hatumwi," alisema Priska, safari hii bila hata tabasamu. "Mtani akitumwa anageuka kibarua. Khalidi, aibu!"

Khalidi alijifuta mkaa kwa kiganja, ukazidi kusambaa mpaka sikioni. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, lakini wakati ule alionekana kama aliyekamatwa na kuku wa jirani.

"Simu ilitoka kwa mjomba wako," alisema. "Jana jioni. Niliambiwa nilichukue ukiwa unaoga, nikae nalo. Basi. Niliambiwa ni kwa faida yako."

Huruma alimsukuma, akapiga goti, akavuta zipu. Blauzi nne zenye vifungo mbele, kwa sababu daktari alimwonya kwamba hatavaa nguo ya kupitisha kichwani. Sweta. Poda. Mirija ya kunywea uji. Mfuko wa unga wa muhogo ambao Mama yake alisisitiza, eti huko hakuna chakula cha kushika tumboni. Kilo mbili za korosho za daktari. Kitabu cha Sala. Alikifungua Kitabu cha Sala, akakikung'uta, akakipekua ukurasa kwa ukurasa.

Pasipoti haikuwemo.

"Sijaigusa!" Khalidi aliruka. "Mtani, naapa, sijafungua hata zipu!"

Huruma alimwamini. Khalidi alikuwa mwongo wa misibani tu.

Alirudi ndani, akauchukua mtandio wake, akaukunjua, akaupandisha kichwani kama alivyofanya kila siku tangu akiwa msichana. Halafu akausimamisha mkono hewani. Akaukunja mtandio tena, akautupa kitandani.

Alitoka kichwa wazi, shavu wazi, jua la Newala likimpiga palepale alipokuwa akipaficha.

"Washa pikipiki," alimwambia Khalidi. "Unanipeleka Masasi, kwa Mjomba."

"Mimi?"

"Si umechukua dumu?"

"Sijalichukua!"

"Basi lichukue, halafu washa pikipiki."

*

Waliteremka kutoka juu ya uwanda, begi limefungwa kwa mpira nyuma, upepo ukiwapiga usoni. Kwa mwendo mrefu Khalidi hakusema kitu. Kwa Khalidi hiyo ni rekodi.

"Mtani," alipaza sauti hatimaye. "Mimi lile kovu nimelizoea. Ukirudi huna, nitakutambuaje?"

"Nitakutukana. Utanitambua."

"Lakini huoni kama limekuwa lako?"

"Ninyi mmelizoea, Khalidi. Mimi sijalizoea hata siku moja."

Sokoni Masasi walisimama kuongeza mafuta. Mama mmoja mwenye ungo wa dagaa alimkodolea macho mpaka ungo ukainama. Siku nyingine zote Huruma angegeuza shingo. Leo aligeuza shavu, likamwelekea vizuri.

"Litazame, mama. Litazame ushibe. Mwezi ujao halipo."

Khalidi alicheka mpaka karibu aiangushe pikipiki.

*

Nyumba ya Mjomba Gideoni ipo mtaa wa Mkomaindo, bati jekundu, baraza limefagiliwa. Mjomba alikuwa katekista miaka thelathini. Amestaafu, ila sauti haijastaafu. Na katika ukoo wao, kama koo nyingi za huku, mtoto ni wa mjomba kwanza, baba ni mgeni anayeheshimiwa. Jambo asilolibariki mjomba huwa halina miguu.

Alikuwa amekaa kitini na redio yake. Chini kwenye mkeka alikaa Mama yake Huruma, Theodora, anamenya mihogo. Alishuka Masasi tangu Jumatatu, akasema anakwenda kumsalimia kaka yake na kwamba watakutana kituoni siku ya basi.

"Shikamoo Mjomba. Shikamoo Mama."

"Marahaba," Mjomba alizima redio. "Mbona kichwa wazi?"

"Nimekuja kuchukua pasipoti yangu."

"Kaa kwanza. Mtu hafiki akasimama kama mdai."

"Nitakaa nikishaipata."

Khalidi, aliyekuwa amebaki uwanjani na pikipiki yake, alijifanya anakagua tairi.

Mjomba alimtazama mpwa wake. Huruma alikuwa mtoto mpole, mtoto wa kwaya. Tangu azaliwe hajawahi kumpinga mtu mzima mbele ya watu.

"Mimi sina pasipoti yako," alisema.

"Mjomba, simu ilitoka kwako. Khalidi yule pale, aulizwe."

"Simu ni yangu. Aliyeongea si mimi."

Kisu cha mihogo kilisimama.

Huruma aligeuka taratibu. Mama yake hakuinua uso. Alikifuta kisu kwenye ukingo wa kitenge, akakilaza, akatia mkono kifuani, akatoa kitabu kidogo cha rangi ya bluu. Hakumpa Huruma. Alikikumbatia.

"Ni mimi," alisema Mama.

Ndugu msomaji, Huruma alikuwa amejiandaa kwa mjomba. Njia nzima alipanga maneno ya mjomba. Ya mama hakuwa nayo hata moja.

"Mama? Wewe ndiye uliyenifungia unga!"

"Nilikufungia."

"Ulinishonea vifungo vya blauzi!"

"Nilishona."

"Sasa?"

"Ndege zinaanguka, mwanangu."

"Na mabasi je?"

"Huko hakuna mtu wa kukuuguza."

"Kuna wauguzi, Mama. Ndiyo kazi yao."

"Kovu likikatwa linarudi kubwa zaidi. Daktari wa hapa alishasema."

"Alisema likikatwa ovyo. Huyu wa huko ana mashine ya kulizuia lisirudi, na hilo pia alilisema. Ulikuwepo, ulikaa pembeni yangu." Huruma alikinga kiganja. "Nipe, Mama."

Mama alitikisa kichwa, akaikumbatia pasipoti zaidi.

Mjomba alinyoosha mkono kama anayegawa amani. "Sikilizeni. Lipo la kufanya. Huruma, hilo kovu linakuuma?"

"Linawasha. Wakati wa joto linauma."

"Vizuri. Basi ni ugonjwa. Nitakwenda kwa padri leo hii, nimwambie mpwa wangu ni mgonjwa, anasafiri kwa matibabu. Jumapili utaombewa. Mama yako atakupa pasipoti, hakuna atakayesema neno. Lakini useme wewe mwenyewe kwa kinywa chako: mimi ni mgonjwa."

Ilikuwa zawadi, na ilikuwa karibu. Huruma aliiona pasipoti ilivyolegea kidogo kwenye mikono ya mama yake. Neno moja tu, angekuwa ndani ya basi.

"Mimi si mgonjwa, Mjomba."

"Huruma."

"Nisipowashwa hata mara moja nitakwenda vilevile. Nakwenda kwa sababu silitaki."

"Basi ni urembo!"

"Ndiyo. Ni urembo."

Khalidi aliacha kukagua tairi.

"Unalisema hivyo bila haya? Mwalimu? Mtoto wa kanisa?"

"Nimeona haya miaka ishirini na sita. Imekwisha."

"Yupo mwanamume?"

"Angekuwepo ningemwambia asubiri kituoni. Hayupo. Nataka kunawa uso wangu, nishike shavu, nikute shavu."

Mjomba alisimama. Alikuwa mrefu, na barazani kwake alikuwa mrefu zaidi. "Kila mtu ana msalaba wake. Msalaba haupelekwi India kukatwa."

"Hata Bwana alipokewa msalaba, Mjomba. Ulinifundisha wewe, darasa la kipaimara. Simoni wa Kirene alikutwa njiani, akabeba. Huyo daktari ndiye Simoni wangu."

Si mara nyingi katekista hupigwa kwa fimbo yake.

Lakini hakuwa mtu wa kuanguka kwa pigo moja. Aliishusha sauti, na iliposhuka ilitisha zaidi.

"Sawa. Umekuwa mkubwa. Basi kabla hujaondoka tumalize jambo. Huko utaulizwa kovu lilitokana na nini. Na hapa watu watauliza, kwa nini leo, baada ya miaka yote. Sitaki jina la mtu mwingine litajwe katika hili. Sema mbele ya mama yako. Nani alikupaka mafuta ya korosho?"

"Mjomba, kila mtu anajua."

"Sema."

"Kaka, basi," alisema Mama, chini kwa chini.

"Nyamaza, Theodora. Aseme."

Huruma alipumua. Lilikuwa swali la kale, na jibu lake alilijua kama Baba Yetu. Alilikariri kwa majirani, kwa walimu, kwa wachumba wawili waliokuja na kuondoka.

"Nilijipaka mwenyewe. Nilichezea maganda."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Nilikuwa na miaka mitano, Mjomba. Mwizi wa ng'ombe hufungwa akatoka. Mimi nimefungwa usoni kwa kosa la mtoto wa miaka mitano, na ninyi mnataka nikae mpaka nife. Sikai! Nilijipaka mwenyewe, na nitajipangusa mwenyewe. Nilijipaka..."

"Hukujipaka."

Ilikuwa sauti ndogo. Ilichukua muda kwa wote watatu kujua imetoka wapi.

Mama alikuwa amesimama. Maganda ya mihogo yalimdondoka kutoka kwenye kitenge.

"Theodora," Mjomba alisema haraka. "Dada yangu. Kaa chini. Tulishakubaliana."

"Ulikubali wewe, kaka. Mimi nilinyamaza tu."

"Nafanya kwa ajili yako! Miaka yote hii nakulinda wewe!"

"Najua. Umenilinda, na mtoto ndiye aliyelipa." Alimgeukia Huruma, na kwa mara ya kwanza tangu Huruma apate akili, mama yake alilitazama lile shavu moja kwa moja, bila kukwepesha macho kwenye kidevu. "Ulikuwa na choa, mwanangu. Kidogo tu, kama kifungo cha shati. Dawa ya dukani haikukitoa, na watoto wenzako walikukataa kwenye mchezo. Nikaambiwa mafuta ya ganda la korosho yanaua choa, nidondoshe tone moja kwa kijiti. Nikaona tone moja halitoshi. Nilikushika kichwa kati ya magoti yangu. Ulilia, nikadhani ndiyo dawa inafanya kazi."

Mkono wa Huruma ulikuwa umepanda wenyewe shavuni.

"Ulipopona hukukumbuka. Watu wakauliza. Nikasema umechezea maganda. Nilisema siku moja tu, Huruma, kesho yake nikawa nimeshindwa kulirudisha neno hilo. Wewe ukalipokea, ukalisema vizuri kuliko mimi."

"Theodora, mji mzima utasikia!"

"Usikie! Nimechoka kusifiwa kanisani kwamba ni mama mvumilivu!" Mama alipiga hatua mbili, akaushika mkono wa Huruma uliokuwa shavuni, akaushusha, akaitia pasipoti kiganjani na kukifunga kiganja juu yake kwa mikono yake miwili. "Chukua. Sikupi ili uniseme vizuri. Ni yako, panda basi, nenda. Hata ukiniacha hapa bila neno, nenda."

Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini hakuyafuta na hakuinama.

"Nilikwambia ndege zinaanguka. Nikakwambia hakuna wa kukuuguza, nikakwambia litarudi. Hakuna hata moja nililokuwa namaanisha. Kila asubuhi nikiliona hilo kovu nilikuwa najiambia, bado lipo, bado kuna siku ya kumwomba. Sasa linaondoka kesho. Nilichokuwa namaanisha siku zote hizi ni neno moja, mwanangu, na kinywa kilikuwa kinakataa. Nisamehe."